Sefu la Mzee Lukosi

Chausiku alikuwa akiuza masefu ya chuma mtandaoni. Siku moja Mzee Lukosi, mkandarasi mwenye maghorofa yake mjini, alimpigia simu akifoka.

"Sefu halijafika! Rudisha hela yangu leo, la sivyo nakutangaza mtandao mzima kuwa wewe tapeli."

Dereva aliyelipeleka alikuwa ameapa kwamba alilibeba mwenyewe hadi chumbani kwa mzee. Chausiku hakubisha.

"Pole sana, mzee wangu. Hela narudisha sasa hivi. Ila sefu lile ukishafunga mlango haufunguki bila namba, na namba huwa namtumia mteja akikiri kupokea. Sasa maadamu halikufika, yako naifuta."

"Usifute," mzee alisema taratibu. "Pasipoti yangu imo humo, na ndege ni kesho asubuhi."