Kazi Tatu za Kiboko na Tope la Nguchiro

Nina hadithi mdomoni!
— Iteme tuione!
Ikiwa chungu?
— Tutaitafuna hivyo hivyo!

Basi hapo kale, bondeni kando ya mto, Kiboko alikuwa msimamizi wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya wanyama wote. Asubuhi aliwaambia wanyama anataka daraja. Jua likipanda, anataka ghala. Jua likishuka, anataka barabara pana ya kumfikisha majini bila kuchomwa na miiba. Pu! pu! pu! majembe yakalia. Wakachimba, wakaacha. Wakabeba, wakaacha. Hakuna kilichokwisha.

Nguchiro hakutulia. Alikuwa na watoto watatu wachanga shimoni, na shimo lenyewe lilikuwa chini kabisa ya bonde. Kule juu ni mwamba mtupu, hapakuwa na pa kuhamia. Mawingu yakaanza kujipanga. Akawa anachimba huku akitazama juu, anabeba huku akitazama juu. Kwake kazi yenye maana ilikuwa moja tu: tuta la kuzuia mto. Mara tatu alimwomba Kiboko wajenge tuta, na mara tatu Kiboko alimjibu kwamba tuta halina sifa, kwani nani aliwahi kuliona tuta akauliza limejengwa na nani?

Siku ya nne upepo uligeuka, ukanuka mvua. Nguchiro akamwendea tena, mkia chini, sauti laini.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekuja kukuarifu. Nakwenda kufunga fundo langu kwenye daraja."

Bondeni kulikuwa na desturi. Anayefunga fundo la nyasi kwenye kazi, kazi ni yake na sifa ni zake, na mkono mwingine hauigusi mpaka aimalize.

Kiboko akaacha kutafuna. "Daraja langu? Wewe, kidole chenye mkia?"

"Wanasema litaitwa la Pelele, maana ndiye aliyebeba mawe. Nikaona heri liitwe langu."

Kiboko akatimka, tifu! tifu! vumbi, akafunga fundo darajani. Nguchiro akaguna, akasema basi yeye atachukua ghala. Tifu! tifu! Kiboko akafunga fundo ghalani. Nguchiro akaguna tena, akasema basi barabara. Tifu! tifu! Kiboko akafunga fundo barabarani.

Kisha akasimama akihema, unyasi mmoja umebaki mdomoni. Akatazama mtoni.

"Na lile tuta lako?"

Kiboko akilifunga, hakuna atakayeligusa, na watoto ndio basi tena. Nguchiro akaulazimisha mkia wake utulie.

"Lifunge, Bwana Mkubwa, nitakushikia nyasi. Ni tope tu. Likishaota majani hata wewe mwenyewe hutalijua."

Kiboko akautema unyasi. "Kaa nalo."

Nguchiro hakufunga fundo lolote. Alikwenda mbio kuwaita Pelele, Nungunungu na Kindi, ambao sasa hawakuwa na kazi. Pu! pu! pu! Wakachimba, hawakuacha. Wakabeba, hawakuacha.

Kiboko naye akaweka jiwe moja darajani, akakumbuka ghala. Akaweka mti mmoja ghalani, akakumbuka barabara. Jioni akaja kuomba mikono ya kumsaidia. Pelele akamjibu kwa adabu zote, tope hadi masikioni: "Tungekuja, Bwana Mkubwa, lakini zina fundo."

Mvua ikaja. Chwaaa! Mto ukapanda, ukalisukuma tuta, ukalisukuma tena, ukageukia upande wa pili na kuzoa jiwe, mti na barabara. Shimoni, watoto watatu walilala wakavu. Mama yao naye akalala, kwa mara ya kwanza tangu mawingu yaanze kujipanga.

Hadithi imenitoka, aliyebakiwa na ganda alitupe.

Na funzo lake, ninyi wenye ajira, ni hili: msichague kazi. Pokeeni zote, zianzeni zote, na kila moja muifunge fundo lenu. Kiboko alifanya hivyo, na mpaka leo ana kazi tatu. Nguchiro aliyechagua moja hana kazi yoyote, anashinda juani akicheza na watoto wake. Maskini.