Kengele ya Provosti Elisha

"Kengele haimruki mpigaji." Umeambiwa hivyo leo, Mwadime, ukanuna kama uliyetukanwa. Ni wewe uliyetunga sheria kwamba mwanakwaya akichelewa mazoezi aimbe peke yake mbele ya wenzake. Leo umechelewa, umeimba, nasi sauti yako tumeisikia. Tumekusamehe. Sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Basi mmeuliza nyumba yenyewe. Kunyweni chai.

Methali hii ilianza hivi.

Baba yangu, Kanoni Elisha Mghalu, alikuwa Provosti hapa Mwarungu, yaani kasisi mkuu wa kanisa lenye kiti cha askofu. Mdomo wake haukuwa na komeo. Alipokuwa kasisi kijana kule milimani, alikuta kiti cha chifu kimewekwa mbele ya madhabahu, tena kina mto. Akakibeba mwenyewe hadi nje, chifu yuko mlangoni anavua kofia. Akahamishwa. Huko alikohamishiwa, waziri mmoja alikuja ibadani akaomba dakika mbili za kusalimia watu. Baba akamwambia, "Mheshimiwa, hapa sote ni wenye dhambi. Keti, zamu ya kuungama inakuja." Akahamishwa tena. Mwishowe askofu akamleta kanisa kuu. Watu waliposhangaa, askofu alisema, "Afadhali awe karibu, nimsikie kabla sijaletewa barua."

Lakini kilichowatisha watu zaidi ni matangazo yake ya ndoa. Desturi yetu mnaijua: majina husomwa Jumapili tatu, na watu huulizwa kama yuko anayejua kizuizi. Makasisi wengi huuliza upesi upesi, kama mtu anayepita penye mbwa. Baba sivyo. Zamani aliwahi kufungisha ndoa, na alipotoka nje akamkuta mke wa kwanza wa bwana harusi ameshikwa mikono na wahudumu wa kanisa, mtoto mgongoni. Tangu siku ile, alipokwisha kuuliza mara ya tatu, alishuka, akaenda hadi kwenye kamba ya kengele mlangoni, akaipiga mara moja. Kisha alisimama akingoja mpaka mlio ufe kabisa. Katika muda huo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mtu mwenye neno.

Diwani Mwaluma alivunjikiwa ndoa yake namna hiyo, suti imekwisha kushonwa. Alitoka akisema, "Provosti naye ana mtoto. Tutaona."

Mtoto mwenyewe ni mimi.

Mbona mmeacha kunywa?

Nilikuwa nikifanya kazi katika mashamba ya mkonge, mbali na hapa. Huko nikampenda Mkawasi. Nilipeleka mbuzi kwao, wazee wakala, wakatubariki, tukapata mtoto. Baba sikumwambia neno. Baadaye nikapata ukarani mjini, nikavaa tai, nikaona Mkawasi haendani na tai. Nikamposa Wakesho, binti wa mwalimu mkuu. Wakati huo askofu alikuwa akistaafu, na jina la baba lilikuwa la kwanza kati ya majina ya watakaopigiwa kura. Mji mzima ulijua kwamba askofu ajaye ni yeye.

Jumapili ya tatu nilikaa mbele, Wakesho ubavuni. Baba alitoka sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada, akiwa na uso nisioujua. Akasoma majina yetu. Akauliza. Akashuka, akanipita, akavuta kamba.

Kisha akageuka akanitazama mimi. Mimi peke yangu.

Mlio ule ulikuwa mrefu, wanangu. Nilitamani ufe, nao hautaki. Hata nilikuwa nimenyanyuka nusu kitini, nikiri mwenyewe mbele ya...

Mmesikia kikombe kikigongwa kijiko huko jikoni? Haya. Sikunyanyuka.

Ulipobaki mvumo tu, akasimama mwanamke upande wa akina mama, kitambaa cha buluu kichwani. Alikuwa mama yake Mkawasi. Habari za tangazo zilimfikia kule kwenye mkonge, akadandia lori akaja.

"Kizuizi kipo," alisema. "Huyu Righa ana mke. Ni binti yangu. Mbuzi aliowaleta tuliwala."

Wakesho alisogea kwenye benchi, kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake. Mzee mmoja wa kanisa akamkimbilia baba, akamnong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Provosti, sema mama huyu hana akili timamu. Tumtoe nje, yaishe. Kura ni mwezi ujao."

"Asiguswe."

"Lakini ni mwanao."

"Ndiyo maana nimeipiga kwa nguvu," baba akasema.

Akarudi mbele, akakifunga kitabu. "Wakesho, mwanangu, tusamehe. Ndoa hii haipo. Na mimi niliyekuwa nikiangalia nyumba za watu, yangu sikuiangalia. Leo sihubiri." Akavua stola, ule utepe wake wa ukasisi wa shingoni, akaitundika kwenye mimbari, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, pamoja na waliochelewa.

Nje, Diwani Mwaluma alikuwa mlangoni. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka sita. Baba alipotoka, diwani alivua kofia.

"Kumbe kengele haimruki mpigaji," alisema.

"Ingemruka," baba akajibu, "ingekuwa bati tu."

Baada ya juma moja askofu alimrudishia stola, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kufutwa kwenye orodha ya kura. Joho la zambarau la uaskofu likampita, akafa Provosti.

Ila hilo silo lililonivunja. Mchana ule ule nilimfuata mama yake Mkawasi barabarani, nimefura. "Mama," nikamwambia, "hukuweza kwanza kumweleza baba faraghani?"

Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyepotea njia ya nyumbani.

"Nilimweleza. Asubuhi, sakristia, kabla ya ibada. Akaketi juu ya sanduku la mishumaa. Halafu akaniomba jambo moja. 'Kengele ikilia, mama, usisimame upesi. Mpe mwanangu nafasi asimame mwenyewe. Ukiona mlio unakwisha, ndipo useme.' Nikangoja, Righa. Nilingoja mpaka mwisho."

Nilikaa chini pale pale vumbini, na suti yangu.

Mkawasi? Alinikubali tena baada ya miaka miwili, kwa masharti ambayo hamjafikia umri wa kuyasikia. Ndiye aliyewapikia chai hiyo. Nikipinda maneno, anagonga kikombe.

Basi usinune, Mwadime. Wewe ulisimama ukaimba bila kungoja mama wa mtu akusimamie. Mimi hilo lilinishinda. Na baba alijua vema itamwangukia nani, akavuta kamba. Kengele haimruki mpigaji.