Maegesho ya Kiboko Uani kwa Pelele

— Nitoe?
— Toa.
— Ya kweli au ya kupikwa?
— Ya kupikwa, mradi imeiva.
— Basi sogeeni, imeshaiva.

Alikuwako Pelele, mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia. Alikuwa mgane. Mkewe alifariki wakati wa mavuno, akamwachia nyumba kubwa ya mbele, kijumba cha vyumba viwili uani, na mama mkwe.

Mama mkwe alikaa kijumbani. Macho yake hayakuona tena, lakini kila asubuhi alitoka peke yake kwenda mtungini kunawa. Alifuata mstari wa mirihani aliyoipanda binti yake. Akapapasa mche, akanusa vidole, akapiga hatua. Akapapasa mche, akanusa vidole, akapiga hatua. Miche ilikuwa ishirini na miwili. Pelele aliihesabu kila siku, ingawa hakuna aliyemtuma.

Nyumba kubwa ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Pelele akahamia chumba cha pili cha kijumba, akaamua kuipangisha ile ya mbele. Kabla ya mpangaji kuja, akachukua kijiti, akachora mavumbini. Kando ya ua, kuanzia langoni, ukanda mwembamba wa kuegesha mikokoteni, mmoja nyuma ya mwingine. Mahali pengine pote, majani ya kuzuia vumbi, mchicha, maboga, na njia ya mama.

Akaenda kwa Ngiri, fundi wa kuchimba.

"Kushindilia ukanda, siku saba," alisema Ngiri. "Kulima uwanja mkavu namna ile, siku kumi. Samadi, safari arobaini. Una nini?"

"Nina debe moja la mtama."

"Kwa debe moja nitakuja kuutazama."

Pelele akarudi na debe lake.

Mpangaji akaja. Alikuwa Kiboko, mwenye mikokoteni mitatu ya kubebea matete. Ndi, ndi, ndi, akaingia langoni. Mkokoteni wa kwanza akauweka katikati ya uwanja. Wa pili akauweka karibu na mtungi. Wa tatu akausukuma juu ya mirihani, kacha, kacha, miche tisa ikalala.

"Bwana Kiboko," alisema Pelele, "hapo ni njia ya mama."

"Njia? Mimi naona majani."

"Yeye haoni. Anapita kwa kunusa."

"Basi anuse gurudumu." Kiboko akapiga mwayo, na mwayo wa kiboko si jambo dogo. "Sikiliza, mwenye nyumba. Nimepanga nyumba, nimepanga na uwanja. Huyo bibi kizee hana watoto wengine? Aende akawasumbue wao."

Kesho yake mama mkwe akatoka. Akapapasa mche, akanusa vidole, akapiga hatua. Baada ya mche wa kumi na tatu mkono wake ukagusa gurudumu. Akageuka, akarudi ndani bila kunawa.

"Mwanangu," alimwambia Pelele mchana, "mpelekee salamu kaka wa marehemu kule Majabali ya Juu. Aje anichukue."

"Nipe mpaka mvua za kwanza, mama."

"Ufanye nini?"

"Nipange uwanja."

"Kwa lile debe la mtama?"

"Kwa lilelile."

Mama mkwe akacheka puani. Pelele hakucheka. Mama huyu akiondoka, hatabaki mtu nyumbani aliyemjua marehemu akiwa mtoto, wala wa kumtaja wakati wa chakula.

Pelele hakuweza kusukuma mkokoteni, seuze Kiboko. Siku ya pili akaenda kwa mpangaji wake akiwa na Korongo, mjumbe wa mtaa.

"Bwana Kiboko, nimefikiri sana. Uwanja uwe wako."

Kiboko akaacha kutafuna. "Wote?"

"Wote. Ila tukubaliane mbele ya mjumbe, watu wasije wakasema. Mvua za kwanza zikinyesha, utaingiza mikokoteni yako. Patakapokuwa pagumu, mkokoteni usimame bila kuzama, hapo ni maegesho yako. Utakapozama, hapo ni bustani yangu."

Kiboko akapiga ardhi kwa mguu. Ko, ko, ko. Ilikuwa ngumu kama kikaango.

"Hapa hata mlima hauzami," alisema. "Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Korongo. "Na wewe umesikia?"

"Mimi masikio ni madogo, lakini yanasikia."

"Limebaki jambo moja tu," alisema Pelele. "Kwenu viboko, mali isiyotiwa alama ni mali?"

"Si mali."

Na kweli, ndiyo desturi yao. Kiboko akitaka pajulikane kuwa ni pake, hugeuza makalio, akajisaidia, huku akiupeleka mkia huku na huku, fya-fya-fya, mpaka kila upande upate fungu lake. Na alama ikiwa mbichi, mwenyewe haikanyagi. Ni aibu.

"Ningekutilia mimi," alisema Pelele, "lakini unaona mwenyewe, sina mkia."

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Maskini. Ana nyumba mbili na hana hata cha kuzitilia alama. Kaa pembeni, mzee, utazame wenye mikia."

Akaitoa mikokoteni yake nje ya lango, isichafuke. Asubuhi ya kwanza akasimama katikati ya uwanja.

"Hapo sipo, bwana," alisema Pelele kwa adabu. "Ukianzia katikati utatokaje bila kukanyaga alama yako? Simama kando ya ua, mgongo uelekee ndani."

"Hilo nilikuwa nalijua," alisema Kiboko.

Basi kila asubuhi Kiboko alipita kando ya ua, kutoka langoni hadi mwisho, kutoka mwisho hadi langoni. Miguu ndi, ndi, ndi. Mkia fya-fya-fya. Kesho yake tena, miguu ndi, ndi, ndi, mkia fya-fya-fya. Alikula matete mengi zaidi ya kawaida ili alama zisipungue.

"Harufu gani hii?" aliuliza mama mkwe, akiwa ameshikwa mkono kwenda kunawa.

"Ya bustani, mama."

"Bustani yako inanuka, mwanangu."

"Inanuka. Vumilia kidogo."

Wiki ya pili wakaja mbawakavu, wale wanaoviringisha samadi. Walikuja vrrr, mmoja mmoja, kisha vrrr, mamia kwa mamia. Kila mmoja akafinyanga donge lake, akachimba shimo lake, akazika. Walifanya kazi wiki tatu na hawakuomba hata punje ya mtama. Pelele akapita akibonyeza ardhi kwa kidole. Kidole kikaingia chote. Akapachika vipandikizi tisa vya mrihani kwenye zile nafasi tisa, akasia mchicha, akafukia mbegu za maboga. Kando ya ua hakubonyeza kitu, maana pale kidole kingevunjika.

Mvua ikanyesha siku mbili mchana na usiku. Ilipoanuka, Korongo akaitwa.

Kiboko akausukuma mkokoteni wa kwanza hadi katikati. Kwii, kwii, dubwi. Ukazama hadi ekseli. Akausukuma wa pili kuelekea mtungini. Kwii, kwii, dubwi. Akausukuma wa tatu kuelekea kijumbani. Kwii, dubwi, na yeye mwenyewe akazama hadi magotini.

"Ardhi hii imelogwa," alisema.

"Imerutubishwa," alisema Korongo, ambaye kwa miguu yake mirefu alikuwa na uzoefu na tope.

"Na mimi niiweke wapi mikokoteni yangu?"

"Jaribu kando ya ua," alisema Pelele.

Kiboko akavuta kutwa nzima. Kwii, kwii, kimya. Kwii, kwii, kimya. Jua lilipotua, mikokoteni yote mitatu ilikuwa imesimama kando ya ua, mmoja nyuma ya mwingine.

"Lakini alama ni zangu," alinung'unika Kiboko. "Uwanja mzima nimeutia alama mimi."

"Hilo hakuna anayebisha," alisema Korongo, akaaga.

Salamu za Majabali ya Juu hazikutumwa. Vipandikizi vya mrihani vilishika. Maboga yalipokomaa, mama mkwe alipapasa moja, kubwa kuliko yeye, akauliza nani aliyelima.

"Mpangaji," alisema Pelele.

"Kumbe ana roho nzuri. Mpelekee hili."

Pelele akampelekea. Kiboko akalitia kinywani zima, kwacha, akasema nyumba ni nzuri, mwenye nyumba ni mwema, na mwakani atautia alama uwanja hata kama hakuombwa.

Sasa funzo. Ngano hii inatufundisha kwamba uchoyo ni jambo jema na tusiukemee. Kiboko angekuwa na kiasi, akaridhika na mahali pamoja pa mkokoteni, watu wangekula maboga gani? Kwa hiyo, wanangu, mkiona kitu cha jirani, kitakeni chote. Jirani atawashukuru.

— Imeisha?
— Nimeiegesha hapo.
— Na asiyeipenda?
— Aisukume pembeni, asiwazibie wengine njia.