Mbwa Siogopi na Dagaa za Jumwa

Hadithi iko mlangoni, jamaa zangu. Niifungulie?

Ifungulie, iingie!

Ina makucha na mkia. Mtaikimbia?

Hatukimbii, tutakaa nayo!

Basi kaeni. Zamani, zamani sana, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na mke na mume waliokaa ukingoni mwa msitu. Mke aliitwa Jumwa, mume aliitwa Thoya. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Kahindi, kwa hiyo wao kwa wao waliitana Mama Kahindi na Baba Kahindi. Walikuwa na mbuzi, na mbuzi walikuwa na mlinzi, mbwa mwekundu jina lake Siogopi.

Siogopi alikuwa mbwa kweli. Fisi akikohoa ng'ambo ya korongo, yeye ameshasimama. Fisi akikanyaga jani, yeye ameshabweka. Fisi alilala na njaa, akaamka na njaa, akashinda na njaa.

Mwaka mmoja, masika yalipoanza, Siogopi akaanza kujikuna. Kwaru, kwaru, kwaru. Akajikuna masikio yakawa mekundu. Akajilamba nyayo zikageuka rangi ya kutu. Akajisugua tumbo ukutani mpaka manyoya yakamtoka. Anakula, anajikuna. Analinda, anajikuna. Analala, anajikuna.

Jumwa alimwonea huruma. Kila akimwona anajikuna, alimega tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa dagaa, akaweka na dagaa juu yake.

"Kula, mwanangu, upate nguvu."

Siogopi akala, akatikisa mkia, akaenda kulala juu ya gunia lake kuukuu. Haukupita muda, kwaru, kwaru, kwaru.

Siku moja Fisi akaja. Siogopi alikuwa ameinama anautafuna mguu wake kwa muwasho, na masikio yamevimba, hasikii vizuri. Fisi akaingia, akabeba mwanambuzi, akaenda zake.

Thoya akaona damu kwenye majani. Akaketi chini, akasema, "Mama Kahindi, mbwa huyu hafai tena. Nitamvusha mto nimwache huko."

"Baba Kahindi, ametulinda tangu akiwa mdogo. Niachie nimtazame."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mahindi yakomae. Yakikomaa naye yuko hivi hivi, sitakuzuia."

Thoya akakubali. Naye alimpenda mbwa yule, lakini mbuzi ndio waliokuwa wakiwalisha.

Habari za mgonjwa husafiri upesi. Wa kwanza kuja alikuwa Nguruwe.

"Mama Kahindi, dawa ya ngozi ni tope. Mimi nitazame, umewahi kuniona najikuna?"

Jumwa akampaka mbwa tope. Tope likakauka, likapasuka, likavuta manyoya. Siogopi akajikuna maradufu.

Wa pili alikuwa Kunguru.

"Hao ni wadudu walio ndani ya ngozi. Niache niwadonoe."

Kunguru akadonoa. Wadudu wa ndani hawakuonekana, ila vidonda vilionekana.

Wa tatu alikuwa Fisi mwenyewe, amesimama nje ya ua, sauti nyororo kama asali.

"Pole, Mama Kahindi. Nipe mgonjwa nikae naye msituni. Pango langu lina ubaridi. Akipona nitamrudisha."

"Na mbuzi wangu atawalinda nani?"

"Mimi nipo. Si jirani yako?"

Jumwa akayatazama meno yake. "Asante, jirani. Nimesikia."

Fisi alipoondoka, Jumwa akaketi karibu na mbwa wake. Akafikiri: nimemuuliza Nguruwe, nimemuuliza Kunguru, hata Fisi nimemsikiliza. Mwenye ngozi sijamuuliza.

"Siogopi, muwasho unakujia wakati gani?"

"Nikilala kwenye gunia, Mama. Nikitoka kwenye majani ya mtoni pia. Na tena..." Mbwa akatazama sufuria, akatazama pembeni. "Na tena sijui."

Jumwa hakuondoa vyote pamoja. Alijua akiondoa vyote hatajua mbaya ni kipi. Alianza na gunia. Akalichoma moto, akafagia pale chini, akamwaga maji ya moto, viroboto wakafa. Akasubiri. Mgongo wa Siogopi ukaacha kuwasha, lakini masikio na nyayo bado.

Kisha akashughulikia majani. Kila mbwa alipotoka mtoni, Jumwa alimpangusa nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji safi. Akasubiri tena. Nyayo zikapata nafuu kidogo. Masikio bado. Na mahindi shambani yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

Hapo mvua ikazidi, mto ukafurika, njia ya sokoni ikafungwa. Dagaa zikaisha nyumbani. Jumwa akawa anampa mbwa ugali na supu ya nyama kidogo, hakuna kingine. Mwezi ukazeeka, ukazaliwa mwingine. Asubuhi moja Jumwa aliamka akahisi nyumba ina ukimya wa ajabu. Akatoka nje. Siogopi amelala fofofo, hajikuni.

Mto ulipopungua, Jumwa akanunua dagaa. Akachukua mbili tu, akampa mbwa, akaketi kutazama. Kesho yake jua halijapanda, kwaru, kwaru, kwaru.

Jumwa akajishika kichwa. "Kumbe ni mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa ukijua, Siogopi?"

"Nilikuwa nikishuku, Mama."

"Mbona hukusema?"

Mbwa akalaza masikio. "Ukinipa dagaa ndipo unaponiita mwanangu."

Jumwa akasogea karibu naye. Halafu akampapasa kichwa. "Nitakuita mwanangu hata ukila ugali mkavu."

Tangu siku hiyo dagaa hazikumgusa mbwa mdomoni. Jumwa alimwosha kwa maji ya baridi, akamkausha vizuri mikunjoni, akampaka mafuta ya nazi palipopasuka. Manyoya yakaanza kurudi.

Lakini Kunguru alikuwa juu ya paa akisikia yote, naye ana mdomo mwepesi. Akamwambia Fisi, "Mbwa yule anadhuriwa na dagaa." Fisi akacheka mpaka akaketi.

Siku ya kwanza Fisi akatupa dagaa moja juu ya ua. Siogopi akainusa, udenda ukamtoka, akaondoka. Kuku wakaila.

Siku ya pili Fisi akatupa konzi nzima. Siogopi akafumba macho, akageuza uso. Kuku wakazila.

Siku ya tatu Fisi akamwaga jani zima limejaa dagaa, akajificha kichakani kusikiliza. Kuku wakazila na hizo. Siogopi akafikiri kidogo. Akaenda nyuma ya zizi, akaweka kucha zake kwenye ubao, akakwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Amezila, anajikuna," Fisi akasema. Akaruka ua, akaingia zizini bila hata kunyata. Siogopi akamdaka mguu wa nyuma, akaung'ang'ania. Mbuzi wakalia, Thoya akaja mbio na rungu. Fisi alitoroka, lakini alitoroka akichechemea, na mpaka leo mwendo wake si mwendo wa mnyama mzima.

Thoya akamtazama mbwa, akayatazama mahindi, yamekauka tayari kuvunwa.

"Mama Kahindi, mbwa amepona?"

"Hajapona, Baba Kahindi. Masika mengine atajikuna tena kidogo. Mwili wake ndivyo ulivyo. Ila sasa tunajua unachokikataa, na tukikumbuka, ataishi vizuri."

Thoya akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akachukua kile kitambaa, akakichovya majini, akapiga magoti mbele ya mbwa.

"Lete mguu," akasema. Siogopi akampa mguu.

Jamaa zangu, hadithi hii inatufunza kwamba yako maradhi yasiyofukuzwa, bali huchungwa kila siku kama mbuzi wanavyochungwa. Anayeyachunga sharti atazame kwa subira, aondoe kitu kimoja kimoja, amsikilize mgonjwa kabla ya majirani. Na inatufunza kwamba huruma isiyouliza inaweza kumlisha umpendaye kile kinachomuumiza.

Nimeipokea kwa masikio, nimewapa kwa mdomo. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka akalale.

Tumeibeba!