Kioo cha Pikapu na Kifua cha Mama

“La mlango uliofungwa halionekani mlango ukiwa wazi.” Mmelisikia jana kwa shangazi yenu, pale mlipokuwa mnamsifu mchumba wa dada yenu kwa kuwa anasalimia watu vizuri, mkadhani ni neno la wahenga. Wahenga gani? Methali hii ilianza hivi, tena ilianza ndani ya pikapu yangu, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Wakati huo nilikuwa mwalimu hapa hapa Rungwe. Pikapu niliinunua ikiwa imeshazeeka, lakini ilikuwa na vioo vya umeme, vya kubonyeza kitufe, nami nikajiona mtu. Mama yangu alikuwa anaumwa kifua. Kila Alhamisi nilimpeleka hospitali, mwendo wa saa nzima katika ukungu na mvua yetu hii mnayoijua. Basi kioo cha upande wake kikaanza vituko. Tukishaondoka, kiko chini na hakipandi. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Mvua inaingia na upepo wa mlimani, inampiga kifuani mgonjwa ninayempeleka akatibiwe kifua! Nilimfunika kitenge, juu yake nailoni ya kufunikia mbolea, na bado alifika hospitali bega limelowa.

Nikaenda kwa fundi Lwitiko. Nilimteremsha Mama, Lwitiko akainama pale mlangoni, akabonyeza. Kioo kikapanda vizuri kabisa.

“Mwalimu, mbona kizima?”

“Njiani kiligoma.”

“Basi ni fyuzi,” akasema, akabadilisha fyuzi.

Alhamisi iliyofuata kikagoma tena. Lwitiko akafungua mlango, akabonyeza, kioo kikapanda. Akabadilisha swichi. Alhamisi ya tatu akavua jalada lote la mlango, akatia mota nyingine, akakipandisha na kukishusha kioo mara kumi huku akinitazama kama mwanafunzi aliyepata mia kwa mia. Mama akapanda. Kama kawaida yake alishusha kioo kabla hata sijamfungia mlango, ili awaage watu wa gereji, maana Mama hakuweza kuondoka mahali bila kusema “Ndaga”, asante ya Kinyakyusa, kwa kila mwenye masikio. Nikafunga mlango, tukaondoka. Hatujafika darajani, mvua ikashuka. Kitufe kimya. Nilikipiga ngumi mpaka mkono ukauma.

“Asajile,” Mama akaniambia, “hiki kioo mimi naona kama...”

“Mama, tulia. Fundi anajua.”

Neno hilo nimelijutia sana.

Na hospitali nako yalikuwa yale yale. Mlango wa daktari ukifunguliwa tu, Mama anakaa wima, anatabasamu. “Sijambo, mwanangu. Kikohozi kidogo tu cha baridi.” Foleni ni ndefu, daktari anamsikiliza kifua juu juu, anaandika dawa ya mafua. Nyumbani, Mama akishaingia chumbani na kujifungia, alikohoa hadi nikamsikia kutoka zizini. Nilipomweleza daktari, Mama akamwambia, “Huyu mwanangu ana woga tangu utotoni.” Daktari akacheka. Nami kila wiki nilimwona Mama anazidi kukonda, na gauni lile lile linazidi kumpwaya.

Alhamisi ya nne nilirudi gereji katikati ya mvua. Lwitiko akafungua mlango wa Mama, akabonyeza, kioo kikapanda.

“Mwalimu, gari hili halina ugonjwa. Labda hujui kubonyeza.”

Nilitaka kumrukia. Mama akaninyooshea mkono ninyamaze, akamgeukia yeye.

“Wewe mtoto, umewahi kukaa humu ndani mlango ukiwa umefungwa?”

“Hapana, Bibi.”

“Shusha hicho kioo, kisha ingia.”

Mama akasogea katikati, Lwitiko akajibana kando yake.

“Funga mlango. Haya, pandisha.”

Lwitiko akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa vidole viwili, mvua inamchapa usoni. Kimya. Akafungua mlango, akabonyeza: kioo kikapanda. Akakishusha, akafunga mlango: kimya. Akateremka, akavuta ule mpira wa pale bawabani unaopitisha nyaya kuingia mlangoni. Ndani yake waya mmoja ulikuwa umekatika. Mlango ukifunguliwa, ncha zake zinagusana, ukifungwa, zinaachana. Kuuunga hakukuchukua hata robo saa. Wiki nne nzima!

“Bibi, ulijua?” Lwitiko akauliza.

“Tangu wiki ya pili. Nilitaka kusema, nikaambiwa nitulie, fundi anajua.”

Tuliondoka kioo kiko juu, Mama mkavu, nami nimewakasirikia watu wote, nikianzia na mimi mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nawaza. Tulipofika, Mama akaingia kwa daktari, akakaa wima, akatabasamu. Nikamwomba daktari atoke nami kidogo, nikaufunga mlango.

“Mwalimu, watu wanasubiri,” daktari akalalamika.

“Simama hapa tu. Usiseme kitu.”

Alinitazama kama mwehu, lakini akasimama. Mwanzoni palikuwa kimya, nikaona aibu. Kisha kikaanza, kile kikohozi cha chumbani, kirefu, cha kukata pumzi, kikatulia, kikaanza tena. Daktari hakungoja kitulie mara ya pili. Akafungua mlango, na Mama huyo, kakaa wima, leso kaificha kiganjani.

“Sijambo, mwanangu.”

“Hapana, Mama,” daktari akasema. “Hebu nionyeshe hiyo leso.”

Ilikuwa na damu. Siku hiyo hiyo akapigwa picha ya kifua, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Mama alininunia wiki nzima. Siku ya nane, nikimpa vidonge vyake, ndipo akasema, “La mlango uliofungwa halionekani mlango ukiwa wazi. Nilikusaidia kwa kioo, ukanigeuzia mimi.” Akavimeza, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikalia.

Alipona. Shangazi yenu, binti yangu, alizaliwa baadaye, akakulia mapajani mwa Mama, pale pale kwenye kile kioo, akifundishwa kuwaambia wapita njia “Ndaga”. Ndiyo maana jana hakumsifu pamoja nanyi. Salamu za huyo kijana mmezisikia uani, watu wote wapo. Kabla hamjala pilau yake, nendeni kwao mkawaulize wanaoishi naye. La mlango uliofungwa halionekani mlango ukiwa wazi.