Mtungi wa Nyamizi na Nta ya Kapembe

Nawatupia!
— Tupa, tudake!
Na nikitupa cha moto?
— Tutakipuliza!
Basi dakeni.

Hapo kale, miti ikiwa mingi kuliko watu, warina asali walipiga kambi porini wakati wa kiangazi. Jua kali, kisima mbali. Kambi ilikuwa na desturi yake: atakayewanywesha warina kinywaji cha baridi siku zote tatu za mavuno, hupewa mti wake wa kutundika mizinga. Mti wako, asali yako.

Nyamizi aliutaka mti huo. Miaka mitano alibeba asali ya wengine kichwani, yeye akiambulia masega yaliyokwisha kukamuliwa.

Siku ya kwanza akapika togwa. Akaitia katika mtungi wa udongo, akauweka kivulini juu ya mchanga mbichi, akauvika gunia lililolowa. Gunia likikauka, analimwagia maji. Likikauka tena, analimwagia tena. Warina wakashuka mitini, midomo imepasuka kwa kiu. Wakanywa.

"Loo! Baridi hadi meno yanauma!"

Kapembe, mkuu wa kambi, akajikohoza. "Mnajua kwa nini? Kivuli. Na kivuli kile ni cha mti wangu."

"Ndiyo, mzee," wakasema.

Ndiyo, mzee! Jamani, nishikeni! Maji alichota nani?
— Nyamizi!
Gunia alilowesha nani?
— Nyamizi!
Haya.

Siku ya pili Nyamizi akauhamishia mtungi kwenye kivuli cha jabali, kisicho cha mtu. Togwa ikapoa kuliko jana. Kapembe akanywa vibuyu viwili, akajipangusa midomo.

"Upepo huo. Unapitia kwanza kibandani kwangu."

Upepo, wenzangu! Upepo nao una mwenyewe? Na watu wazima, wenye ndevu zao, wakaitikia, "Ndiyo, mzee."

Siku ya tatu Kapembe hakungoja hata mchana. Alfajiri akaubeba mtungi na togwa yake ndani. "Kambi yangu, na kilichomo kambini changu. Leo nawanywesha mimi."

Nyamizi alijua akipiga kelele ataambiwa hana adabu, arudishwe nyumbani. Akaenda kuchota maji.

Kapembe akauchunguza mtungi. Nje umejaa matone. "Ala! Unavuja! Baridi yote inatokea huku!" Na mrina asali anajua dawa moja tu ya kinachovuja: nta. Akamgeukia Nyamizi. "Wewe binti, huoni unavuja? Niuzibe?"

"Mzee, mimi ni nani nikufundishe?"

Kapembe akayeyusha nta, akaupaka mtungi chini, juu, ubavuni, hata pa kupenya ncha ya sindano pasibaki. Gunia akalitupa. "Linanuka."

Nyamizi akapika togwa nyingine, akaitia kibuyuni. Akaichana kaniki yake ya pili, akailowesha, akakizungushia kibuyu, akakitundika kwenye tawi. Kaniki ikikauka, anaimwagia maji. Ikikauka tena, anaimwagia tena.

Mchana warina wakashuka. Kapembe akajimiminia wa kwanza, akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka.

"Vipi, mzee?" akauliza Mlekwa, mrina mwenzake.

"Ni... ni nzuri."

Mlekwa akaonja, akatema. "Haya ni maji ya kuogea! Mtungi usiotoka jasho haupozi!"

Wakakimbilia kibuyu cha Nyamizi. Wakanywa, wakaguna kwa raha, wakapokezana.

"Ngojeni!" akasema Kapembe. "Tawi hilo, mkilitazama vizuri—"

"Mzee," akasema Mlekwa, "juzi tulikubali kivuli. Jana tukakubali upepo. Leo tumeonja mkono wako. Binti, chagua mti."

Nyamizi alikuwa amekwisha kujitwika mzinga begani. Akaparamia mti aliouona ni mrefu kupita yote, akautundika mzinga, akakaza kamba kwa meno. Huko chini Kapembe alikuwa bado anaeleza, na hakuna aliyesema ndiyo.

Nilichotupa mmekidaka?
— Tumekidaka!
Kimepoa?
— Bado cha moto!
Basi kaeni nacho hivyohivyo. Mimi nimefunga mdomo.