Suruali Moja, Miguu Sita

Kabla sijawauliza swali langu, niungame. Ni mimi niliyemkata Vumilia suruali. Kiranja wa nidhamu, mkasi mkononi, nikachuchumaa mbele ya shule nzima nikaipasua kuanzia kifundoni hadi gotini, naye ametulia kama mtu anayenyolewa. Kwa Mungu nimetubu. Kwa Vumilia ulimi bado mzito.

Mjue huku kwetu Makete, mwezi wa sita majani yanaamka meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Wavulana wanavaa suruali. Sisi ni sketi na soksi fupi, na sheria ilisema suruali chini ya sketi ni utovu wa heshima. Nauliza, na nauliza kwa hasira: heshima ya msichana inakaa kwenye goti linalopasuka kwa baridi hadi kutoka damu?

Basi walikuwepo wasichana watatu wa kidato cha tatu. Vumilia alijaliwa ukaidi, Lukresia mikono, Eneja mdomo.

Vumilia alirudi kesho yake na suruali ileile, imepasuka vilevile. Akapewa adhabu ya kufyeka. Keshokutwa yake akaja nayo tena. Siku ya tisa nikamwambia, "Vumi, ivue basi, yaishe."

Akanijibu, "Ikate na upande wa pili, dada, ilingane."

Mstari mzima ukacheka, na tangu hapo hakuna msichana aliyenyamaza.

Lukresia alikuwa na sketi mbili za shule. Jumapili baada ya ibada akaifumua moja kwa wembe, akashona kwa mkono suruali pana, yenye kamba kiunoni, rangi ya sare kabisa. Hata mwalimu mkali asingepata pa kushika. Amebaki na sketi moja. Akiifua jioni, asubuhi anaivaa mbichi.

Eneja aliichukua suruali hiyo akaingia nayo kwenye kikao cha bodi bila kuitwa. Mchungaji, ndiye mwenyekiti, akamwambia, "Binti, msichana wa heshima havai hivi."

"Shikamoo, Mchungaji. Naona upindo wa suruali ya pili ndani ya hiyo uliyovaa. Na hapa mna jiko la mkaa. Darasani kwetu hata vioo madirishani hakuna."

Mzee akatazama miguu yake mwenyewe, akacheka. Wakacheka wote, sheria ikabadilika. Eneja, kwa kuingia bila kuitwa, akapewa wiki tatu za kuchota maji mtoni alfajiri, miguu majini. Hapo hakuna aliyecheka.

Sasa sikieni. Sheria mpya inaanza Januari. Januari, jamani, baridi imeshakwenda zake. Mpaka wakati huo anaruhusiwa mmoja tu, avae ile ya mfano aliyoshona Lukresia, "zawadi kwa aliyeleta mabadiliko." Ndivyo alivyosema Madam, mkuu wetu wa shule, akaniwekea suruali mikononi. "Wewe ulishika mkasi, wewe utachagua. Kesho mstarini."

Nikamwomba waruhusiwe wote watatu.

"Nikiruhusu watatu, watakuja mia tatu. Na zamu sitaki. Sare haiazimwi."

Ndiyo, Madam. Mia tatu wenye baridi.

Nikawaita bwenini. Lukresia akasema, "Sketi ilikuwa yangu, uzi wangu."

Eneja akamjibu, "Na ingelala kwenye sanduku lako mpaka leo, mwenzangu, kama si mdomo wangu."

Vumilia alikuwa anapaka mafuta ya mgando kwenye nyufa za magoti. Hakuinua kichwa. "Mpe unayetaka, dada. Mimi nilianza na yangu."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimpa Vumilia, sijui kama natenda haki au nanunua msamaha. Nikimnyima kwa kuogopa hilo, nitakuwa nimemkata mara ya pili.

Suruali hii hapa, nimeipakata. Je, wewe ungempa nani? Nakuomba unitajie jina moja, uniambie na sababu yake, kabla kengele ya mstarini haijagongwa.